Askari Mmoja, Viapo Viwili

Tarehe 4 Septemba 1957, askari wa Walinzi wa Taifa wa jimbo la Arkansas waliizingira Shule ya Upili ya Central, mjini Little Rock, na kuwazuia wanafunzi tisa weusi wasiingie darasani. Amri ilitoka kwa gavana wao, Orval Faubus, aliyedai kwamba anaepusha fujo. Mahakama ya shirikisho ilipomwamuru aache, aliwaondoa askari wake, na umati wenye hasira ukajaa nje ya shule. Tarehe 24 mwezi huohuo Rais Dwight Eisenhower alitia saini amri ya kuwatwaa walinzi wote wa Arkansas, wapatao 10,000, kutoka mikononi mwa gavana, na akatuma askari wa miamvuli wa Divisheni ya 101 wawasindikize watoto wale mpaka ndani. Askari wa miamvuli walipoondoka Novemba, ulinzi uliachiwa walinzi wa Arkansas hadi mwaka wa shule ulipoisha. Kikosi kilichowafungia watoto mlango sasa kiliwalinda wakipita mlango huohuo. Sare zilikuwa zilezile na bunduki zilezile. Kilichobadilika ni mwenye amri.

Tukio hilo husimuliwa kama ushindi wa serikali kuu dhidi ya ubaguzi wa majimbo ya Kusini, na ndivyo lilivyokuwa. Ila atakayechukua hapo kanuni ya kudumu, kwamba rais ni salama na gavana ni hatari, atapotea, kwa maana kikosi hikihiki kina historia inayomkana. Wapo pia wanaoshika kanuni iliyo kinyume chake: kwamba gavana yuko karibu na wananchi na rais yuko mbali, basi silaha zikae kwa gavana. Nao wana mifano yao, na wana ya kuwaaibisha. Hoja ya sura hii ni kwamba usalama wa raia katika mpango huu haujawahi kukaa kwa mmoja wa mabwana hao wawili. Umekaa pale amri inapohama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine: ni sababu gani inayoruhusu ihame, nani anaipima sababu hiyo, na nani anaweza kuihoji. Pale ukaguzi ulipokuwa imara, uwili huu umekuwa kinga. Ulipolegea, askari mwenye viapo viwili amekuwa silaha ya yeyote aliyemwahi kwanza.

Msomaji wa Afrika Mashariki amezoea jeshi lenye mnyororo mmoja wa amri, unaopanda moja kwa moja hadi kwa amiri jeshi mkuu. Walinzi wa Taifa wa Marekani hawakujengwa hivyo. Ni askari wa akiba zaidi ya 400,000, wa nchi kavu na wa anga, waliogawanywa katika vikosi 54: vya majimbo 50, na vya Puerto Rico, Guam, Visiwa vya Virgin na Wilaya ya Columbia uliko mji mkuu. Wengi wao wana kazi zao za kiraia, na hufanya mazoezi wikendi moja kwa mwezi na wiki mbili kwa mwaka. Kila anayejiunga huapa kuitii katiba ya Marekani na ile ya jimbo lake, na kufuata amri za rais na za gavana. Kutokana na viapo hivyo anaweza kuwa katika hali moja kati ya tatu. Ya kwanza, yuko chini ya gavana na analipwa na jimbo, kama anapookoa watu kwenye mafuriko au kuzima moto wa misitu. Ya pili, inayotawaliwa na Juzuu ya 32 ya sheria za shirikisho, yuko bado chini ya gavana lakini mshahara wake unatoka Washington. Ndivyo viwanja vya ndege vilivyolindwa baada ya mashambulizi ya Septemba 2001. Ya tatu, chini ya Juzuu ya 10, ametwaliwa na rais na ni askari wa jeshi la Marekani kama wengine, anayeweza kupelekwa Iraq, Afghanistan au Djibouti.

Hali hizo tatu zina uzito mkubwa kuliko karatasi za malipo. Sheria ya mwaka 1878 iitwayo Posse Comitatus inalikataza jeshi la shirikisho kufanya kazi za polisi, isipokuwa pale Katiba au sheria ya Kongresi, yaani bunge la Marekani, inaporuhusu waziwazi. Mlinzi aliye chini ya gavana, hata akilipwa na Washington, hafungwi na katazo hilo. Akitwaliwa na rais, analibeba saa hiyohiyo. Los Angeles ililiona jambo hili mwaka 1992. Ghasia zilipolipuka, walinzi wa California waliitikia maombi ya polisi wakiwa chini ya gavana. Rais George H. W. Bush alipowatwaa, tena kwa ombi la gavana mwenyewe, wakuu wao wapya wakaanza kukataa sehemu kubwa ya kazi hizo kwa hofu ya kuvunja katazo, ingawa Sheria ya Uasi, inayomruhusu rais kutumia jeshi ndani ya nchi na ambayo Bush aliitumia, ingewaruhusu kuzifanya. Kuhama kwa amri, kwa hiyo, kunabadilisha anachoruhusiwa askari kumfanyia raia, na pia anachodhani ameruhusiwa.

Waandishi wa Katiba ya mwaka 1787 waliukusudia utata huu. Waliogopa jeshi la kudumu, kwa kuwa walikuwa wametoka kupigana na la mfalme wa Uingereza, na waliogopa pia nchi isiyoweza kujilinda. Wakaupasua katikati mgambo wa majimbo, ambao ndio asili ya Walinzi wa Taifa. Kongresi ilipewa uwezo wa kuuita mgambo kwa mambo matatu tu, yaani kutekeleza sheria za Muungano, kuzima uasi na kurudisha nyuma uvamizi, pamoja na kazi ya kuupangia muundo na silaha. Majimbo yalibakiziwa uteuzi wa maofisa na mafunzo. Sheria ya kwanza ya kuuita mgambo, ya mwaka 1792, ilikwenda mbali zaidi. Rais hakuruhusiwa kuuita ili kutekeleza sheria dhidi ya wakaidi mpaka jaji wa shirikisho athibitishe kwamba ukaidi huo umezidi nguvu za mahakama na maofisa wake, na kabla ya kutumia nguvu alitakiwa kutoa tangazo la kuwataka wakaidi watawanyike. Wakulima wa magharibi mwa Pennsylvania walipogoma kulipa kodi ya wiski mwaka 1794, George Washington hakuvuka hatua hizo. Alipeleka ushahidi kwa James Wilson, jaji wa Mahakama ya Juu, akapata uthibitisho wake Agosti 4, akatoa tangazo, na ndipo alipokusanya mgambo wapatao 13,000 kutoka majimbo manne. Hakuna aliyemwona dhaifu kwa kumwendea jaji. Msafara ule ulizima mgomo karibu bila mapigano, na sehemu ya nguvu zake ilikuwa kwamba hakuna aliyeweza kusema rais amejiamulia peke yake.

Ukaguzi huo haukudumu. Mwaka 1795 Kongresi iliandika sheria mpya na kuliondoa sharti la jaji, ikaacha tangazo tu. Ikaja vita ya mwaka 1812 dhidi ya Uingereza, na magavana wa New England, Caleb Strong wa Massachusetts akiwa mbele, wakakataa kutoa mgambo wao kwa madai kwamba hawaoni uvamizi wowote na kwamba kuamua kama upo ni haki yao. Taifa lilikuwa vitani huku sehemu ya nguvu zake imekaa nyumbani ikibishana. Mahakama ya Juu ilijibu mwaka 1827 katika kesi ya Jacob Mott, mwanamgambo wa New York aliyetozwa faini ya dola 96 kwa kukataa wito. Jaji Joseph Story aliandika kwamba uamuzi wa kama hatari ipo ni wa rais, na uamuzi wake unawafunga wengine wote. Kwa mazingira yale, ya adui wa nje aliyekuwa na meli kwenye pwani ya nchi, hukumu hiyo ina mantiki. Askari wa zamu hawezi kudai ushahidi wa uvamizi kabla hajanyanyua bunduki. Kasoro ni kwamba maneno yaliyofaa kwa uvamizi yalikuja kutumiwa pia kwa maandamano na migomo ya ndani, ambako anayepimwa ni raia na anayepima ana maslahi yake ya kisiasa.

Wakati sheria ikimwelekea rais, fedha nazo zilimwelekea. Mgambo wa karne ya 19 ulikuwa hoi, na vita ya mwaka 1898 dhidi ya Hispania iliufichua udhaifu wake. Charles Dick, mbunge wa Ohio ambaye mwenyewe alikuwa ofisa wa mgambo wa jimbo lake, alisimamia sheria ya mwaka 1903 iliyowapa walinzi silaha na fedha za shirikisho kwa sharti la kufuata viwango vya jeshi la nchi. Sheria ya mwaka 1916 ikaleta kiapo kwa mabwana wote wawili na malipo ya mazoezi. Kizuizi kimoja kilibaki: Katiba inataja mambo matatu tu, na mwaka 1912 Mwanasheria Mkuu alikuwa ameshauri kwamba mgambo hauwezi kupelekwa nje ya nchi. Kwa sababu hiyo, mwaka 1917 walinzi waliokwenda Ufaransa waliandikishwa upya mmojammoja kama raia wa kawaida. Mwaka 1933 likapatikana suluhisho linalotumika mpaka leo: anayejiunga na walinzi wa jimbo anakuwa papo hapo mwanachama wa jeshi la akiba la taifa. Gavana bado anateua maofisa, ila ofisa asiyetambuliwa na Washington hapati mshahara wake wala cheo chenye maana.

Magavana walikuja kuujua uzito wa badiliko hilo miaka ya 1980. Serikali ya Ronald Reagan ilikuwa ikipeleka walinzi kufanya mazoezi Honduras, jirani na vita ya Nicaragua, na baadhi ya magavana wakakataa kutoa idhini. Mwaka 1986 Kongresi ilipitisha sheria kwamba gavana haruhusiwi kunyima idhini kwa sababu haipendi sera, mahali au ratiba ya mazoezi ya nje. Rudy Perpich wa Minnesota alikwenda mahakamani, na mwaka 1990 Mahakama ya Juu ikamkatalia bila jaji hata mmoja kupinga. Ilisema kwamba mlinzi aliyetwaliwa na shirikisho si tena mgambo wa jimbo kwa muda huo, na kwamba jimbo lisiloridhika linaweza kuunda kikosi chake lenyewe. Yapo majimbo yaliyounda vikosi hivyo, bila fedha za Washington, navyo ni vidogo. Leo fedha za jimbo la Massachusetts peke yake zisingejenga uhusiano wa mafunzo ulio kati ya walinzi wake na jeshi la Kenya, wala za Nebraska ule wa walinzi wake na Rwanda. Huo ni mpango wa Pentagon, unaotumia askari ambao kesho wanaweza kuitwa na gavana wao kwenye dhoruba ya theluji.

Hapo ndipo pingamizi la kwanza linapokuja, na si dogo. Ikiwa Washington inalipa, inafundisha na inatoa silaha, viapo viwili ni vya nini? Wahenga walikwisha kusema kwamba mafahari wawili hawakai zizi moja. Mfano unaotajwa zaidi ni kimbunga Katrina cha Agosti 2005. New Orleans ikiwa chini ya maji, Rais George W. Bush alimtaka Gavana Kathleen Blanco wa Louisiana akubali kamanda mmoja wa kuongoza askari wote. Blanco alikataa, na siku za thamani zikapita katika mvutano. Ukweli wa kisa hicho ni mpana zaidi ya hapo. Walinzi zaidi ya 50,000 walifika kutoka kila jimbo kwa njia ya mkataba wa kusaidiana ambao Kongresi iliuidhinisha mwaka 1996, na walikuja chini ya magavana. Kwa kuwa hawakutwaliwa, waliweza kufanya kazi ya polisi ambayo askari wa kawaida waliotumwa na rais hawakuweza. Na Brigedi ya 256 ya Louisiana, ambayo ingekuwa ya kwanza kufika, ilikuwa Baghdad kwa amri ya bwana wa pili. Uchelewaji ulikuwa na vyanzo vingi, na kukosekana kwa fahari mmoja kulikuwa kimoja tu kati yake.

Tena yupo shahidi wa kuonyesha kwamba mnyororo mmoja hauleti kasi. Wilaya ya Columbia haina gavana, na walinzi wake wapo chini ya rais moja kwa moja kupitia wizara ya ulinzi na ofisi ya jeshi. Hakuna pengine penye uwazi zaidi wa nani mwenye amri. Hata hivyo, tarehe 6 Januari 2021, umati ulipovamia jengo la Kongresi, walinzi hao waliokuwa ndani ya mji uleule walifika zaidi ya saa tatu baada ya kuombwa. Palipokuwa na tatizo la mabwana wawili, dawa iliyofaa ilikuwa ya makubaliano. Baada ya Katrina, Kongresi ilijaribu kwanza dawa ya nguvu: mwaka 2006 ilipanua uwezo wa rais kutwaa walinzi wakati wa maafa. Magavana wa vyama vyote viwili waliipinga, na mapema mwaka 2008 sheria hiyo ilifutwa. Dawa ya pili ilikuwa kamanda mwenye hadhi mbili, ofisa mmoja anayepokea amri za rais kwa askari wa shirikisho na za gavana kwa walinzi wa jimbo, baada ya rais na gavana wote wawili kuridhia. Kongresi iliufanya mpango huo kuwa utaratibu wa kawaida kwa sheria iliyosainiwa mwishoni mwa mwaka 2011, na kimbunga Sandy kilipopiga New York na New Jersey Oktoba 2012, ulikuwa tayari kutumika. Mafahari wale walikaa zizi moja kwa kuwa kila mmoja alikuwa na haki ya kukataa.

Pingamizi la pili linatoka upande wa majimbo: basi walinzi waachiwe gavana, isipokuwa wakati wa vita. Faubus ni jibu la kwanza. Jibu la pili lilitolewa tarehe 4 Mei 1970 katika Chuo Kikuu cha Kent State, ambako walinzi wa Ohio, walioitwa na Gavana James Rhodes dhidi ya waandamanaji waliopinga vita, walifyatua risasi kwa sekunde 13 na kuua wanafunzi wanne na kujeruhi tisa. Ukaribu wa gavana na watu wake haukuwasaidia. Kama Alabama ingekuwa na neno la mwisho, maandamano ya Martin Luther King kutoka Selma kwenda Montgomery mwaka 1965 yasingelindwa na walinzi wa jimbo hilo, kwa maana Lyndon Johnson aliwatwaa bila ombi la Gavana George Wallace. Lakini tazama kilichotangulia mwaka 1957 na mwaka 1965. Mara zote mbili jaji wa shirikisho alikuwa amekwisha kutoa amri, na jimbo lilikuwa limekataa au limeshindwa kuitekeleza. Rais alikuja kuisimamia hukumu iliyokwisha kutolewa hadharani. Ingawa sharti la mwaka 1792 halikuwa tena kwenye vitabu, kwa vitendo jaji alikuwa amerudi kwenye nafasi yake.

Mwaka 2025 jaji hakuwa ametangulia. Juni mwaka huo Donald Trump aliwatwaa walinzi wa California wapatao 4,000 na kuwapeleka Los Angeles kufuatia maandamano dhidi ya operesheni za uhamiaji, huku Gavana Gavin Newsom akipinga. Tangu Selma hakuna rais aliyekuwa ametwaa walinzi kwa ajili ya ghasia au maandamano ya ndani ya nchi bila gavana kuomba. Rais alitumia kifungu kinachoruhusu hatua hiyo kukiwa na uvamizi, uasi, au pale anaposhindwa kutekeleza sheria kwa nguvu za kawaida. Mawakili wa serikali walirudi kwa kesi ya Mott na kudai kwamba uamuzi wa rais hauhojiwi. Mahakama ya rufaa ilimwachia rais askari wale kwa muda, lakini ilikataa dai kwamba majaji hawana la kusema kabisa. Oktoba walinzi wa Texas, kwa ridhaa ya gavana wao, walipelekwa Illinois ambako gavana hakuwataka. Tarehe 23 Desemba Mahakama ya Juu, katika uamuzi wa muda, ilikataa kumruhusu rais kuwatumia huko: nguvu za kawaida zinazotajwa katika kifungu, ilisema, yaelekea ni jeshi lenyewe la Marekani, na serikali haikuonyesha sheria inayoliruhusu jeshi hilo kutekeleza sheria Illinois. Uamuzi ulijengwa juu ya maana ya kifungu kimoja. Sheria ya Uasi, yenye maneno mapana zaidi, haikuguswa.

Kuna atakayesema kwamba jaji si jenerali, na kwamba nchi inayomsubiri hakimu wakati mji unawaka itabaki majivu. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama gavana hangekuwa na askari wale tayari. Mji ukiwaka, gavana anaweza kuwaita walinzi wake saa hiyohiyo, na ndivyo maafa mengi yanavyoshughulikiwa. Mwaka 2020, baada ya kifo cha George Floyd, Minnesota iliita zaidi ya 7,000 bila kutwaliwa na yeyote. Uvamizi wa nje nao hauhitaji jaji, wala haukumhitaji mwaka 1792. Kinachobaki ni hali moja nyembamba: rais anataka askari wa jimbo watumike dhidi ya raia wa nchi, na gavana hataki. Hapo siku mbili tatu za kuthibitisha ukweli mbele ya mahakama ni gharama ndogo, na George Washington aliilipa wakati taifa likiwa changa na barua zikisafiri kwa farasi.

Ukaguzi unaopendekezwa hapa, basi, una sehemu tatu. Sharti la uthibitisho wa jaji lirudishwe katika Sheria ya Uasi kwa kila kutwaliwa kunakopingwa na gavana, na uthibitisho huo uwe na tarehe ya mwisho. Mlinzi wa jimbo moja asiingie jimbo lingine kwa kazi za ulinzi wa ndani bila ridhaa ya gavana wa huko, hata kama mshahara wake unatoka Washington, maana hali ya pili kati ya zile tatu imekuwa njia ya kukwepa katazo la mwaka 1878. Na gavana naye awajibike: anayetumia walinzi kuzuia amri ya mahakama awe amejipokonya mwenyewe haki ya kulalamika wanapotwaliwa. Hakuna kati ya hayo linalomdhoofisha rais mwenye ushahidi, au gavana anayeokoa watu wake. Yanamgusa yule tu anayetaka bunduki za wananchi kabla hajasema ni za nini.